Mwalimu Badili, Aliyetubadilishia Nafasi

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani. Mimi ni kitinda mimba, na wanaonijua wanajua siamini mtu haraka.

Alianza shule mwaka 1968, mwoga hata wa kutaja jina lake. Siku moja mwalimu alimpa nafasi ya muuza duka katika igizo la darasa, akawapandishia wenzake bei hadi wakakimbia! Tangu hapo hakunyamaza tena.

Alihitimu ualimu mwaka 1983 akafundisha darasa la tatu hadi alipostaafu mwaka 2021. Kila Ijumaa madawati yalisukumwa ukutani, watoto wakabadilishana nafasi: mwoga akawa mwalimu mkuu, mchokozi akawa mgeni asiye na rafiki. Watoto wakamwita Mwalimu Badili. Mwalimu mkuu halisi alimuuliza, “Mwalimu, hii ni shule au vichekesho?” Mimi pia nilishuku, nikaenda kuchungulia dirishani. Nilimwona mchokozi mmoja, akiigiza mgeni, ananyimwa nafasi ya kukaa na kila mwenzake mpaka akalia. Marehemu akamwambia, “Sasa rudi uwe wewe. Mgeni utamwambiaje?” Mtoto akajibu, “Njoo ukae na mimi.” Nikaondoka nikinung'unika kwamba hayo ni machozi ya maigizo tu.

Mwaka 1988 aliolewa na fundi bomba. Shemeji nilimchunguza miaka miwili, sikupata kitu.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Kila aliyemjulia hali alijibiwa, “Sijambo kabisa.” Nikasema moyoni, huyu anatuigizia. Wodini nikambana: “Dada, niambie ukweli.”

“Haya, tubadilishane. Wewe lala hapa.”

Nikalala. Akakaa kitini, akakunja mikono na kukodoa macho kama mimi. “Dada, madaktari hawa siwaamini. Naogopa utaniacha.” Kisha akasema, “Haya mgonjwa, mjibu mdogo wako.”

Nikasema, “Hata mimi naogopa.”

“Umepatia,” akasema, akanishika mkono.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alfajiri. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mimi. Yule mchokozi wa Ijumaa ile ni miongoni mwa waliobeba jeneza leo. Nimemuuliza mara mbili kama kweli ni yeye. Alinijibu kwa kunisogezea kiti: “Mjomba, njoo ukae na mimi.”

Nimekaa, dada. Nimeamini. Nakulilia, na siigizi. Pumzika kwa amani.