Nerima Aliyekimbilia Msiba

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Nerima, mke wa Okanya wa Buteba. Nerima aliuza samaki sokoni Tororo, na mdomo wake ulikuwa moto.

"Mteja akimbonyezabonyeza samaki bila kununua, Nerima anamwambia, 'Mwoe basi!'" anasema Okanya. Anacheka kidogo, halafu uso unamkunjamana.

Dada yake Nerima alifariki Busia, katika nyumba iliyo hatua chache kutoka mpaka wa Kenya. Nerima akapita njia ya mashambani. Alipoona paa la nyumba ya marehemu, akashika kichwa, akapiga mayowe, akakimbia. Kwetu mwanamke haingii msibani akitembea. Hukimbia, wala hasimami mpaka afike kwa maiti. Lakini siku hizo kulikuwa na tishio la mabomu, na askari waliokuwa njiani walikuwa wageni wasioijua desturi hiyo. Wakaona mtu anakimbilia Kenya. Wakasema simama. Hakusimama. Wakamkamata.

Amri ya usalama iliruhusu mtu azuiliwe bila mahakama, bila jamaa kumwona. Nerima alikuwa na ugonjwa wa sukari. Okanya akapeleka dawa getini pa kambi alikozuiliwa. Akafukuzwa. Kesho yake pia akafukuzwa.

Akawaendea waheshimiwa wabunge wawili waliokuwa wakibishania amri hiyo.

Wa upande wa serikali akasema, "Mzee, usalama kwanza. Bomu halichagui."

Wa upinzani akasema, "Haki kwanza, mzee wangu. Amri yote ifutwe. Nusu siitaki."

"Jamani, mimi shule sikufika mbali," Okanya akawaambia. "Mchunguzeni mnavyotaka. Lakini mke wangu apate dawa!"

Kila mmoja akamwambia: mwenzangu alegeze kwanza.

Mwishowe walilegeza wote. Anayekamatwa atachunguzwa, lakini jamaa wamwone siku hiyohiyo, na mahakama imsikilize upesi. Makubaliano mazuri, wasikilizaji. Ila Nerima alikuwa ameshafia kizuizini. Alikufa bila dawa.

Mazishini walikuja wote wawili. Wakavutana nani aanze kuhutubia, wakanong'onezana, wakaelewana. Okanya akakichukua kipaza sauti.

"Kumbe mnajua kukubaliana! Hili la kuongea mmelimaliza hata chai haijapoa. La Nerima liliwashinda nini? Kaeni chini. Leo hahutubii mtu."

Wakakaa.

Okanya na watu wote wa Buteba, poleni sana. Mungu amlaze Nerima pema. Na wewe unayebishana mahali ukisubiri mwenzako alegeze kwanza, jiulize usiku wa leo: ni nani yuko ndani, anawangoja nyinyi wawili?