Fundi Taratibu na Kilomita za Kwanza za Kibiriti

Tunamshukuru Mungu aliyetupa baba huyu kwa miaka sitini na minane. Kabla hatujamrudisha mikononi mwake, tunaomba mtusikilize tuwasimulie njia aliyoipita.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1955, mtoto wa kwanza wa seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Bibi yetu alikuwa akisema mtoto huyo alichelewa kutembea kwa sababu kila alipoinuka alikuta kitu cha kukifungua, akakaa tena. Baada yake walizaliwa dada mmoja na mdogo wao wa mwisho, ambaye sisi tunamwita Baba Mdogo. Mtamsikia sana katika wasifu huu, kwa ruhusa yake mwenyewe. Marehemu alikuwa mtu wa kukaa na jambo hadi liishe. Baba Mdogo alikuwa mtu wa kufika kabla ya habari zake. Bibi alisema Mungu alikusanya subira ya watoto wawili akampa mmoja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1973. Mwalimu wake wa fizikia alikuwa na pikipiki iliyosukumwa na darasa zima kila jioni hadi ikubali kuwaka. Siku moja Marehemu aliomba aitazame. Alikuta chujio la hewa limeziba kwa vumbi la chaki, kwa kuwa mwalimu alizoea kuilaza pikipiki stoo, chini ya dirisha ambapo wanafunzi walikung'utia vifutio vya ubao. Alilisafisha kwa petroli, akalikausha, akalipaka oili kidogo. Kesho yake pikipiki iliwaka yenyewe, na wapo wanafunzi walionuna kwa kunyimwa sababu ya kutoka nje. Kutoka hapo alikwenda chuo cha ufundi, akapata cheti cha mitambo mwaka 1976.

Aliajiriwa kwanza katika gereji ya malori. Mwaka 1980 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja kando ya kituo cha mafuta, chenye ukuta aliouchorea kivuli cha kila spana ili ikikosekana ijulikane. Magari aliyaheshimu, lakini moyo wake ulikuwa kwa pikipiki za silinda moja. Alisema silinda moja haina wa kumsingizia: ikikohoa, ni hiyohiyo.

Wateja walimjia wakitaka kasi, naye aliwauliza kwanza oili walibadilisha lini. "Kabla ya kuongeza nguvu," alisema, "rudisha ile uliyoipoteza." Alianza na usafi: kabureta, chujio, mnyororo, valvu zilizopimwa injini ikiwa baridi. Kisha alichomoa plagi akaisoma kama mtu asomaye uso wa mgonjwa. Ikiwa nyeupe, pikipiki inakula hewa tupu na itaungua. Ikiwa nyeusi, inakunywa mafuta isiyoyaweza. Ikiwa na rangi ya udongo mkavu, alitabasamu. Baada ya hapo ndipo aliposhika msasa laini akalainisha njia ya kuingizia hewa, akabadilisha sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno la mnyororo, kwa ajili ya milima, akafanya yale ambayo watu walikuja kuyaona kutoka mbali.

Na akishaweka pistoni mpya, alikuwa na sheria moja. Pistoni na silinda ni kama maharusi, alisema. Mwezi wa kwanza usiwapeleke mbio. Uendeshe polepole, usimame, uiache ipoe, uendelee. Asiyekubali hakupewa ufunguo. Ndiyo maana mtu aliyetengeneza pikipiki zenye kasi kuliko zote hapa mjini aliitwa Fundi Taratibu.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, aliyekuwa muuzaji katika duka la vipuri. Mama ndiye aliyetuambia jinsi mambo yalivyokuwa. Marehemu alikuwa akija dukani kununua plagi, leo moja, baada ya siku chache nyingine, hadi Mama akamuuliza, "Kaka, hiyo pikipiki yako ina silinda ngapi?"

"Moja."

"Sasa hizi plagi zote unazipanda shambani?"

Alilipa, akaondoka, akasahau plagi juu ya kaunta. Mama alimfuata nayo hadi karakana, akaona zile nyingine zimepangwa dirishani zikiwa bado kwenye karatasi zake. Mungu aliwajalia watoto watatu, na plagi hizo zilitutosha sote hadi tukajitegemea.

Sasa tufike kwa Kibiriti. Hiyo ndiyo pikipiki yake mwenyewe, ya silinda moja, aliyoinunua ikiwa imekufa na kuifufua. Aliipa jina hilo kwa sababu iliwaka kwa teke moja. Mwaka 1986 aliiandaa kwa mashindano ya kupanda kile kilima tulichokipanda leo, dhidi ya pikipiki kubwa za silinda mbili. Aliweka pistoni mpya, akaanza kuizoeza polepole kila asubuhi. Siku ya kuamkia mashindano, Marehemu akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, Baba Mdogo alichukua ufunguo "aisikie kidogo tu." Aliisikia hadi daraja la pili, akiwa amefungua mafuta yote. Pistoni ikapata moto, ikanata ndani ya silinda, na Kibiriti ikajam. Aliirudisha akiisukuma.

Baba Mdogo anakumbuka kwamba kaka yake hakumfokea. Alimuuliza, "Umeisikia?"

"Nimeisikia, kaka."

"Ilisemaje?"

Baba Mdogo akaanza kulifuta vumbi tangi la mafuta.

"Ndiyo hivyo. Hukuipa nafasi ya kuongea."

Mashindano ya mwaka ule waliyatazama kutoka kando ya barabara. Marehemu alichonga upya silinda, akaweka pistoni nyingine, na watu wote walipotegemea kwamba Baba Mdogo hataigusa tena Kibiriti, alimkabidhi yeye aizoeze. Sharti lilikuwa moja: nyuma abebe Bibi, ampeleke kanisani na sokoni, mpaka injini ilainike. Bibi alipanda na mwavuli wake. Kila Baba Mdogo alipofungua mafuta kuzidi kiasi, ncha ya mwavuli ilimgusa mbavuni. "Mbona unaruka, mwanangu? Kuna nyuki?" Mwaka 1987 Baba Mdogo aliipandisha Kibiriti kile kilima na kufika juu wa kwanza. Zile kubwa zilimwacha pale chini penye barabara pana, lakini kwenye kona za juu zilihema, na Kibiriti ikapita ikiwa na nguvu zake zote. Marehemu alisimama kileleni, hakupiga makofi. Alisubiri injini ipoe, akachomoa plagi, akamwonyesha mdogo wake rangi yake. Sisi watoto wake tumerithi plagi hiyo, na hatuna kikombe kinachoishinda.

Alitumika kanisani kama mzee wa kanisa kuanzia mwaka 1994. Mafundi wengi wa hapa mjini walipitia mikononi mwake, na wengi wenu mmefika leo kwa pikipiki zilizopimwa valvu na wanafunzi wake.

Mwaka 2022 alianza kuchoka upesi na kuvimba miguu. Daktari alimweleza kwa upole kwamba moyo umepanuka na unapiga bila mpangilio. Marehemu alimuuliza kama wameangalia plagi. Daktari alicheka, akamchorea vyumba vinne vya moyo kwenye karatasi. Marehemu alivihesabu kwa kidole, akasema, "Kumbe Mungu aliniwekea vinne, na mimi maisha yangu yote nahangaika na kimoja." Alikunywa dawa zake kwa uaminifu, na kila jioni alisali pamoja na Mama.

Desemba iliyopita aliomba Kibiriti iingizwe chumba cha mbele. Aliifungua kwa mara ya mwisho akiwa ameketi kwenye kiti. Pumzi ilipokatika, Mama aliendelea, naye akimwelekeza. Ringi mpya za pistoni alizipanga Mama, na Marehemu alisema hajawahi kuona zimepangwa vizuri hivyo. Ilipokamilika, alimwita Baba Mdogo aipige teke. Iliwaka kwa teke moja. Akaisikiliza, akaamuru izimwe, akampa ufunguo.

"Hii sitaizoeza mimi. Kilomita za kwanza ni zako. Usifungue mafuta kupita nusu."

"Kaka, hata wauza mboga watanipita."

"Wakipita, wasalimie."

Asubuhi ya tarehe 17 Februari 2024 hali yake ilibadilika. Mama alimpigia simu Baba Mdogo, akamwambia neno moja tu, njoo. Hakukuwa na usafiri mwingine karibu ila Kibiriti. Chumbani tulikuwa tunasali, na Marehemu alikuwa hasemi tena. Ndipo mlio ukasikika mbali, sawasawa, usiopanda wala kushuka. Alifumbua macho. Mama akamuuliza, "Unamsikia?" Akasema, "Hajafungua." Alitabasamu kama alivyotabasamu kwa plagi nzuri. Baba Mdogo aliingia, akamshika mkono, na Marehemu akafariki akiwa ameshikwa hivyo. Baadaye tulimuuliza Baba Mdogo aliwezaje kuja polepole siku kama ile. Alisema, "Ningefungua angenisikia tangu kona ya kwanza, na angeondoka ananisikitikia. Nilitaka anisikie nimejifunza."

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake, na mdogo wake. Ameacha pia karakana iliyo wazi, ambayo binti yake wa kwanza ataiendeleza.

Mliouliza kwa nini msafara wa leo umekwenda polepole, na kwa nini tumesimama katikati ya kilima, sasa mnajua. Waliokuwa mbele ya jeneza ni Kibiriti na Baba Mdogo, na zile bado ni kilomita zake za kwanza. Haikuharibika. Tuliiacha ipoe, kama mwenyewe alivyotufundisha, kwamba kilichofanya kazi yake vizuri kisinyimwe kupumzika.

Fundi amefika juu. Bwana ampe pumziko lenye amani.