Redio Iliyo Kando ya Jeneza

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wote tulimwita Bwana Mitambo, alizaliwa tarehe 12 Machi 1948, nyumba ya pili nyuma ya soko, na mimi shemeji yake ndiye niliyepewa kazi ya kusoma historia hii, ingawa mnajua yeye na mimi hatukupikika chungu kimoja.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1962, akasomea umeme, akaajiriwa kiwanda cha nguo Januari 1970, na kwa mshahara wa huko ndiko alikopata kununua redio kaseti hiyo hapo kando ya jeneza, ambayo hadi leo inalia kama mpya, na kila mgeni aliambiwa kwamba vitu hudumu mikononi mwa mtu anayejua kutunza.

Alimwoa dada yangu tarehe 6 Juni 1974, wakajaliwa watoto watatu, na binti yao wa kwanza alifariki kwa homa tarehe 19 Agosti 1981, akiwa na miaka sita, sauti yake ikabaki kwenye kaseti moja tu, akiimba. Mwezi uliofuata Bwana Mitambo akarekodi matangazo ya mpira juu ya kaseti hiyohiyo, na dada alipolia, akaambiwa asilete uchuro ndani ya nyumba. Jamani!

Lakini mpira uliisha kabla ya kaseti, na pale mwishoni mtoto bado yupo, anauliza, Mama, imeshika sauti yangu? Dada akaificha kaseti, na miaka yote hiyo, mumewe akiwa kazini, ni yeye aliyeisafisha redio kwa pamba na spiriti, akabadilisha mkanda unaozungusha kaseti ulipolegea, akatoa betri zisivuje ndani, maana humo ndimo alimoisikiliza sauti ya mwanawe, na hakumwachia mtu wala chombo kingine. Sifa akala mwingine. Haya ameniambia jana, na ameniruhusu kuyasema.

Marehemu aliugua figo tangu 2019, akafariki tarehe 4 Novemba 2025, akiwa ameagiza azikwe na redio yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa kiwandani, hata wale waliokuja kuichungulia redio.

Sasa nyinyi kaka za marehemu, kabla kifuniko hakijafungwa, irudisheni redio kwa dada yangu, hapa hapa, tukiona.

Pumzika kwa amani, shemeji, na kwa kimya.