Vifungo vya Koti

SABIHA: Haloo? Ni nani?

ZAIDI: Haloo! Mpwapwa hapo? Mahakamani?

SABIHA: Ndiyo, mahakamani. Nani mwenzangu?

ZAIDI: Namtafuta wakili Sabiha. Nimepewa namba hii na Anifa, karani wake wa pale ofisini Makole, akasema—

SABIHA: Mzee Zaidi! Ni mimi. Shikamoo.

ZAIDI: Marahaba, mwanangu. Hujambo?

SABIHA: Sijambo. Uko—

ZAIDI: Habari za huko?

SABIHA: Nzuri, mzee. Uko wapi sasa—

ZAIDI: Na mama yako? Lile goti lake?

SABIHA: Goti limepoa! Mzee Zaidi, simu ya kadi inakula uniti. Umefika hospitali?

ZAIDI: Nipo hapa getini, Dodoma. Nimefika mapema kama ulivyoniambia. Sasa mbona sikuoni?

SABIHA: Ndilo nililokupigia jana bila kukupata. Mvua inanyesha huku tangu juzi, korongo limejaa, basi halipiti. Sitafika.

ZAIDI: Hutafika?

SABIHA: Sitafika, baba. Nisamehe.

[Mkwaruzo kwenye waya.]

ZAIDI: Haloo?

SABIHA: Nipo.

ZAIDI: Basi mimi narudi Kondoa. Tutapanga siku nyingine.

SABIHA: Weee! Usithubutu. Hakuna siku nyingine. Nimeandika barua mpaka kidole kikaota sugu ndipo wakakubali ukapimwe upya na jopo la madaktari. Usipoingia leo, linabaki lile neno la daktari wa kwanza.

ZAIDI: Kwani alisema vibaya? Alikuwa kijana mstaarabu.

SABIHA: Aliandika mkono umepona! Kwamba una kasoro ndogo tu na kazi unaiweza. Kwa neno hilo kiwanda kinakutupia fidia ya kidole kimoja, na kazini hawakurudishi. Utalima na nini?

ZAIDI: Aliniuliza vizuri, nikamjibu vizuri.

SABIHA: Alikuulizaje? Niambie neno kwa neno.

ZAIDI: Alisema, "Mzee, unaendeleaje?" Nikasema, namshukuru Mungu, sijambo kabisa.

SABIHA: Sijambo kabisa.

ZAIDI: Ndivyo mtu anavyojibu! Akasema, "Kuvaa unavaa mwenyewe?" Nikasema, unaniona nimevaa.

SABIHA: Na nani alikuvalisha?

ZAIDI: Batuli. Lakini hakuniuliza habari za mke wangu.

SABIHA: Ee Mola! Mzee Zaidi, utaniua kwa presha. Leo umevaaje?

ZAIDI: Shati jeupe, baraghashia, na koti.

SABIHA: Koti. Na mkono wa kulia uko wapi?

ZAIDI: Mfukoni.

SABIHA: Si nilikwambia? Mfukoni hapana!

ZAIDI: Wakili, nimekuja mjini. Niutembeze mkono huu mbele za watu kama naomba sadaka msikitini?

SABIHA: Huombi sadaka. Mkono wako uliliwa na mashine ya alizeti, na mfuniko wa mashine waliutoa wenyewe ili ikimbie zaidi. Tangu kiwanda kiuzwe wanataka mafuta mara mbili kwa watu nusu. Hilo unalijua wewe kuliko mimi.

ZAIDI: Nalijua.

SABIHA: Sheria inasema aliyeumia kazini alipwe kwa kadiri alivyolemaa. Mimi kazi yangu ni kukufikisha mbele ya jopo, na nimekufikisha. Lakini kadiri yenyewe siwezi kuisema mimi. Wanaipima kwa macho yao na kwa maneno yako. Ukificha, umenifunga mdomo.

ZAIDI: Hata Bwana Elieza anasema niseme ukweli tu, niende zangu nyumbani.

SABIHA: Elieza gani? Yule meneja utawala wa kiwanda?

ZAIDI: Huyo huyo. Yupo hapa. Ametumwa aje asikilize, upande wao.

SABIHA: Amesimama hapo ulipo?

ZAIDI: Hapana, yuko pale kwenye benchi. Alinikuta getini akanipokea vizuri sana, mpaka nikaona haya. Akaniagizia chai na chapati.

SABIHA: Na wewe ukala.

ZAIDI: Chai nilikunywa. Chapati sikula.

SABIHA: Ulishtuka, eh? Vizuri.

ZAIDI: Sikushtuka. Sikuwa na njaa.

SABIHA: Umetoka Kondoa alfajiri na huna njaa?

ZAIDI: Uniti zinashuka, wakili.

SABIHA: Sawa. Haraka basi. Mimi ni daktari. Umeingia, umeketi. "Hujambo, mzee?"

ZAIDI: Sijambo, alhamdulillahi.

SABIHA: "Mkono unaendeleaje?"

ZAIDI: Namshukuru Mungu, siku zinak—

SABIHA: Mzee Zaidi!

ZAIDI: Niseme nini? Nimlaumu Mungu mbele za watu? Ningekufa siku ile! Halfani, mwenzangu wa kwenye mashine, alinivuta nikatoka mzima, sasa nikae kwenye kiti nilie kwamba Mungu kaninyima? Huko ni kukufuru!

SABIHA: Nani kasema umlaumu Mungu? Mshukuru mpaka uchoke, ila useme na usichoweza. Mfuniko wa mashine hakuutoa Mungu.

ZAIDI: Unanifundisha deko. Mtu mzima na mvi zangu.

SABIHA: Nakufundisha kupata haki yako! Tena. Hebu nitajie mimi, si daktari. Usichoweza.

ZAIDI: Jembe siwezi.

SABIHA: Ehe.

ZAIDI: Kukamua ng'ombe siwezi. Kuchinja nimeacha. Kamba siwezi kufunga, hata ya mbuzi.

SABIHA: Kwa nini? Wao wanasema vidole vyote vipo.

ZAIDI: Vipo, ndiyo. Havikunji wala havishiki, na baridi ikiingia vinawaka moto mpaka kwapani. Usiku Batuli anavikanda kwa maji ya chumvi.

SABIHA: Unaona? Mbona hilo hukumwambia mtu? Endelea. Kula je?

ZAIDI: Nakula.

SABIHA: Kwa mkono upi?

[Mkwaruzo.]

ZAIDI: Haloo? Simu inakatika-katika hii—

SABIHA: Simu haijakatika, mzee. Nakusikia. Kwa mkono upi?

ZAIDI: Wakili, hayo ni mambo ya nyumbani kwangu.

SABIHA: Nilikuja kwenye harusi ya binti yako Mwanaidi. Kule kwenu, ulinialika mwenyewe. Unakumbuka?

ZAIDI: Tuliona fahari sana.

SABIHA: Wanaume wamekaa uani kwenye masinia, baba wa bibi harusi hayupo. Nikamuuliza mama Batuli, akasema yuko kwenye masufuria, anasimamia pilau. Nikasema moyoni, huyu mzee naye, harusi ya binti yake anakwenda kukaa na wapishi!

ZAIDI: Mkono uliobaki ni wa kushoto, mwanangu.

SABIHA: Nasikia.

ZAIDI: Ndio wa chooni. Sasa ndio huo huo wa kila kitu. Niutie kwenye sinia la watu? Wote wanaujua! Hakuna atakayesema neno, wana adabu zao. Watapunguza tonge tu, mmoja ataanza kunawa, na mwingine. Bora nisiwaharibie chakula.

SABIHA: Tangu ulipoumia?

ZAIDI: Tangu siku ile. Batuli ananiwekea kijiko na bakuli nyuma ya jiko. Wakinikaribisha, nasema nimeshiba. Watu wananiona mchoyo sasa, wanasema Zaidi anajifungia asigawe.

SABIHA: Pole, baba. Pole sana.

ZAIDI: Adamu, rafiki yangu wa tangu jando, alipofariki, nilizika nikaondoka. Matanga sikukaa, maana matanga ni kula pamoja. Wanawe mpaka leo wananiuliza niligombana nini na baba yao. Hiyo ndiyo inayoniuma. Jembe... jembe nitaajiri mtu.

SABIHA: [anavuta pua]

ZAIDI: Wakili? Unalia?

SABIHA: Mafua. Sikiliza. Hilo ulilosema, liseme ndani.

ZAIDI: Mbele ya Bwana Elieza?

SABIHA: Mbele yake hasa.

ZAIDI: Hapana. Hapana, mwanangu. Aende akawachekeshe watu kiwandani?

SABIHA: Acheke mbele ya madaktari, tumwone.

ZAIDI: Na hilo lina asilimia ngapi kwenye sheria yako?

SABIHA: Halina. Sitakudanganya, sheria haijui sinia. Lakini daktari akilisikia, ataushika mkono wako aukunje mwenyewe, hataishia kutazama koti. Ninachotaka ni hicho tu, waushike.

ZAIDI: Wameanza kuita majina.

SABIHA: Basi haraka. Livue hilo koti sasa hivi, liweke begani.

ZAIDI: Siwezi.

SABIHA: Tumeongea yote haya, bado unalionea haya—

ZAIDI: Siwezi, wakili! Vifungo. Ni vigumu, vipya, mkono mmoja hauvifungui. Batuli yuko Kondoa.

SABIHA: Ngoja. Kama mama Batuli yuko Kondoa, nani kakufunga?

ZAIDI: Bwana Elieza. Pale getini. Lilikuwa wazi, akasema mtu haendi mbele ya madaktari kama anatoka kilabuni, akanifunga kimoja kimoja mpaka cha juu. Mkono akautia mfukoni yeye mwenyewe. Nikamshukuru.

SABIHA: Alikufunga yeye. Kwa mikono yake.

ZAIDI: Ndiyo. Mbona unacheka?

SABIHA: Sicheki. Yaani anajua kabisa kwamba hujifungi! Anajua, halafu anaingia ndani kusema mkono umepona! Shetani mkubwa.

ZAIDI: Lo! Nami nilidhani ni heshima.

SABIHA: Usimwambie neno. Koti lisiguswe. Ingia hivyo hivyo. Daktari atasema vua koti, lazima aseme. Usihangaike, usijikaze. Mgeukie Bwana Elieza taratibu, umwombe kwa adabu zako zote akufungue kama alivyokufunga.

ZAIDI: Mbele yao?

SABIHA: Mbele ya jopo zima. Kimoja kimoja.

ZAIDI: Asipotaka?

SABIHA: Asipotaka, utakaa na koti lako mpaka wamuulize kwa nini unamwomba yeye. Umjibu.

ZAIDI: Wewe binti, una roho ngumu.

SABIHA: Nimekulia Makole, mzee, kwa wafanyabiashara. Uniti?

ZAIDI: Zinamalizika, inapiga kelele. Huyo, anakuja. Ananipungia mkono.

SABIHA: Mwachie aje. Baba, mara ya mwisho. "Hujambo, mzee?"

ZAIDI: Wakili, jina langu hilo linaitwa—

SABIHA: "Hujambo, mzee?"

ZAIDI: Kasimama hapa. Ananisikia.

SABIHA: Asikie! "Mkono unaendeleaje?"

ZAIDI: Namshukuru Mungu, daktari.

SABIHA: Ehe. Na?

ZAIDI: Na chapati ya Bwana Elieza niliitamani sana. Ila tangu mashine yao iniume sijala mbele ya mt—

SABIHA: Haloo? Mzee Zaidi? Haloo?