Mizunguko Minane ya Sajenti Quarles

— Na wewe, Sherifu, mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mwaka gani?

Benchi zima liliinamia vikombe vya kahawa kana kwamba mwaka wenyewe umezama humo.

Benchi hilo liko nje ya duka la donati mjini Tarver, Georgia, ng'ambo ya lango la kambi, na anayekaa hapo huuona uwanja wa mbio wa jeshi kupitia uzio wa waya. Wenyewe ni watatu. Sherifu ni muuza mabati ambaye hajawahi kuwa sherifu wala askari, lakini hanunui hata donati bila bastola kiunoni. Jenerali aliwakaangia wanajeshi mayai miaka ishirini na miwili akastaafu akiwa koplo. Magoti aliruka toka ndegeni na miavuli mpaka magoti yake yote mawili yakawa ya chuma. Asubuhi hiyo ya Mei alikaa nao Odessa Quarles, mwanafunzi wa chuo, na ndiye aliyeuliza swali lile. Mama yake, Sajenti Yolanda Quarles, tabibu wa kikosi, alikuwa ng'ambo ya uzio akijinyoosha miguu. Amri mpya ilitaka kipimo kimoja kwa wote: mwanamke na mwanamume, kijana na mtu mzima, na wakubwa wakimbie pamoja na wadogo. Mwezi Machi mama alishindwa kwa sekunde tisa. Akishindwa tena leo anatolewa jeshini, ana miaka kumi na minane kazini, na pensheni inaanza na ishirini.

— Binti, mimi sijasema mama yako hawezi, — Sherifu alisema. — Nasema jeshi si kwaya ya kanisani, kila mwenye mdomo anakaribishwa.

— Si kwaya, na wewe si askari.

— Yalaa! — Magoti akapiga paja. — Umepigwa hapohapo ulipokaa!

— Amezoea midahalo ya chuo huyu, — Jenerali alisema. — Lakini nikuulize, mwanangu. Majeruhi wa kilo tisini, akivutwa na mwanamke anapungua uzito?

Odessa alikuwa na hoja tatu zimepangwa, na hakuna hata moja iliyomfaa, kwa sababu mama yake mwenyewe alikwisha kumwambia hivyohivyo jikoni: kilo ni kilo, usinitafutie huruma. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Unamtetea mtu, na mtu mwenyewe yuko upande wa pili.

— Basi wapime kuvuta majeruhi, — alisema mwishowe. — Mbio za kupimwa kwa saa zinamwokoa nani?

— Zinaokoa kiuno, — Jenerali alijibu. — Haba na haba hujaza kibaba, na mimi nimeona vibaba vya maofisa. Siku mbili kabla ya kupimwa kiuno kwa utepe, nusu ya kambi ilikuwa inakuja jikoni kwangu kuiba nailoni ya kufunikia nyama. Wanajizungushia tumboni, wanalala nayo, watoke jasho. Meja mmoja alijifunga mpaka akazimia kwenye foleni ya chai!

— Kamba hiyo, unatudanganya, — Magoti alisema.

— Niulize nani alimkatia nailoni ile. Mimi, kwa kisu cha nyanya.

— Mnashangaa matumbo, — Sherifu akadakia, — kumbe ni mbinu. Setilaiti za adui zinapiga picha toka juu. Zikiona majenerali wanene, adui anasema hawa wamelala. Anakuja. Anakuta vijana wembamba wamejificha nyuma ya matumbo!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — Jenerali alisema kwa uzito. — Na jenerali mnene hawezi. Kwa hiyo vya mvunguni viko salama.

— Mimi nawaambia siri, — Magoti akasogea. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, si ndiyo? Uongo mtupu. Mimi nilimsikia mkuu kila aliposema ruka, na ndiyo maana nimevunjika yote mawili. Jeshi lina jedwali, bwana. Siku unayoapa wanakuandikia magoti yako yataisha lini. Yangu yaliandikwa Jumanne.

Odessa alicheka bila kutaka. Kisha akaiona ile bastola, imebanwa kati ya tumbo la Sherifu na mkono wa benchi, na hasira ikarudi.

— Mama yangu alibeba bunduki vitani miezi kumi na tano. Anarudi nyumbani, akitaka kupita lango lile bastola yake inabaki kabatini. Wewe unaingia na yako kwenye donati. Haki iko wapi?

— Si ndiyo uzuri wa ile amri mpya nyingine, ya silaha! Sasa askari wanaruhusiwa kuomba waingie nazo kambini. Karibu upande wangu, binti.

— Nani kasema niko upande wako?

— Msicheze na hilo, — Jenerali alisema, na safari hii hakuwa na methali. — Nimewalisha watoto wa miaka kumi na tisa. Nawajua kwa sahani. Mtoto ameachwa na mchumba, siku ya tatu hali mayai, anakaa mwisho wa meza. Huyo umpe bastola ya kulala nayo? Nilikuwa nawahesabu asubuhi kwa asubuhi, Sherifu. Mmoja hakuja.

Honi ikalia uwanjani.

Maili mbili, mizunguko minane, dakika ishirini. Saa ya tarakimu nyekundu ilisimama kwenye mstari wa kumalizia, kubwa kiasi cha kusomeka toka kwenye benchi. Vijana walichomoka kama mbuzi waliofunguliwa. Mama Odessa alibaki katikati, na nyuma yake alionekana Kanali Brannock, mkuu wa kikosi, aliyesimama wiki iliyopita kwenye mkutano wa mji akasema asiyemudu kipimo cha kijana, mlango uko wazi.

Mzunguko wa nne, saa ilisoma dakika kumi na sekunde nne.

— Amechelewa sekunde nne, — Odessa alisema.

— Haraka haraka haina baraka, — Jenerali alimtuliza.

— Mzee, hizi ni mbio!

Wa sita, kumi na tano na kumi. Wa saba, kumi na saba na thelathini na nane. Odessa alisimama. Mama hakuwa anakimbia vizuri; bega la kushoto lilishuka, mdomo uko wazi, mikono inakata hewa kama mtu anayeogelea kwenye tope. Lakini alikuwa anaongeza. Magoti alisimama pia, akijishika kwenye nguzo. Kahawa ya Sherifu ilimwagikia kiatu, asijue. Mwanamke aliyezaa, aliyeshona majeraha ya watu gizani, aliyecheka na mwanawe asubuhi ile kana kwamba anakwenda sokoni, alikuwa anampita kijana mmoja, halafu wa pili.

Alivuka mstari kwa kumi na tisa na hamsini na moja.

Jenerali alivua kofia.

Kwa Kanali bado ilikuwa nusu mzunguko, saa ikavuka ishirini, akaendelea. Pale jeshini kuna desturi: aliyemaliza humrudia wa mwisho na kukimbia naye mpaka mstarini, bila kumgusa. Lakini nani amrudie kanali? Vijana walisimama mikono kiunoni, macho chini.

Mama Odessa alikuwa ameinama akitapika kwenye nyasi. Akajifuta mdomo, akageuka, akaanza kukimbia tena. Kinyume na wote. Kumfuata Kanali.

— Hapana, — Odessa alinong'ona. — Mama, si huyo.

Akamfikia, akageuza, akashika mwendo wake, bega kwa bega. Alimwambia kitu. Kanali, kichwa kimeangukia kifuani, akakiinua.

Dereva mpya wa gari la maziwa alikuwa ameshusha kreti mlangoni pa duka. Akasimama nyuma yao.

— Yule mama si amemaliza? Mbona karudi?

— Desturi, — Magoti alijibu. — Hatumwachi mtu.

— Ahaa. Na hiyo ina alama ngapi?

Jenerali alimtazama Magoti. Magoti alimtazama Sherifu. Sherifu alitazama uwanja. Odessa, ambaye hajawahi kukosa jibu mbele ya majaji wa mdahalo, alitikisa kichwa.

Baadaye mama alitoka langoni polepole, chumvi ya jasho imemkauka shingoni. Odessa alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara:

— Kwa nini yeye? Baada ya yale aliyosema?

— Alikuwa wa mwisho, mwanangu.

— Hiyo si hoja!

— Ndiyo, si hoja. — Akashika mlingoti wa taa, akacheka kidogo. — Miguu hainisikii kabisa. Njoo unishike mkono, nivushe barabara.