Mzee Wilibrodi na Pampu Isiyoibwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Mzee Wilibrodi Sangu, fundi mkuu wa Karakana ya Mlinda hapa Sumbawanga, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na miwili. Mimi niliyeombwa kuandika wasifu wake ni mtunza stoo, mtu anayelipwa kushuku. Miaka hiyo nimeihesabu mara mbili kwenye faili lake, na imetimia.

Mzee alizaliwa Msanzi kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Aliajiriwa mwaka 1974, karakana ikiwa mali ya umma na uwanja umejaa malori. Sifa yake ilikuwa moja tangu mwanzo: haamini. Gari likiletwa na kusemwa ni zima, hulizunguka kwanza, akanusa kifuniko cha oili, akainamisha sikio. Aliwahi kumzuia padri aliyekuwa akiwahi ndoa Kipili, eti mlio wa gari haukumpendeza. Padri alinuna, maharusi wakasubiri, lakini gurudumu lililolegea nati likaonekana.

Mwaka 1998 karakana iliuzwa kwa mtu binafsi. Wengi walipunguzwa, na tuliobaki tukawa tunaangaliana kwa jicho la pembeni. Magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kuingia, na pamoja nayo akaja dereva Mboje Limbu, Msukuma ambaye ndugu zake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Tulisema mgeni hana uchungu na mali ya watu. Nasema tulisema, maana nami nilikuwamo.

Juni 2003 gari dogo la meneja, aliloendesha Mboje, lilianza kuwa na usukani mzito kila asubuhi. Boneti ikafunguliwa na fundi wa zamu. Hakukuwa na pampu ya usukani, wala kikopo cha mafuta yake, wala hata mpira mmoja. Kwenye malori yetu usukani hulainishwa na mafuta yanayosukumwa na pampu, basi tukakata shauri kwamba pampu imeibwa, na anayelala na funguo ni Mboje. Barua ya kumshtaki kwa meneja iliandikwa saa ile ile, bila jina la mwandishi. Ingefika, Mboje asingemaliza siku kazini, na mkewe Kabula alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Ilibaki sahihi ya fundi mkuu tu.

Mzee hakutia sahihi. Aliishuku barua kuliko alivyomshuku Mboje. Aliuliza ni mwizi gani huyo anayeiba pampu, halafu akapangusa mafuta yote na kuziba hata matundu ya nati. Kisha akamwita mshukiwa mwenyewe akae kwenye usukani, injini ikiunguruma, naye akajilaza miguu nje, kichwa kwenye pedali. Mboje alipokata usukani, Mzee akasikia kimota cha umeme kikinung'unika kwenye nguzo ya usukani. Akachomoa fyuzi, usukani ukawa mzito. Akairudisha, ukawa mwepesi. Pampu haikuibwa kwa sababu haikuwahi kuwapo.

Alitukusanya akatueleza. Ndani ya nguzo ya usukani kuna kijiti kinachojipinda kidogo sana dereva anapokata kona. Kuna kifaa kinachopima kujipinda huko na kupeleka habari kwenye boksi la kompyuta, ambalo pia hupokea habari za mwendo wa gari. Gari likiwa linaegeshwa, boksi huiamuru mota isaidie kwa nguvu. Likikimbia kuelekea Laela, hupunguza msaada ili usukani usiyumbeyumbe. Umeme usipotosha, boksi huzima mota na kuwasha taa ya onyo, dereva akabaki na nguvu za mikono yake. Kumbe waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, ulikuwa umeshika kutu, na asubuhi zile za baridi Mboje aliwasha taa na hita kwa pamoja, umeme ukaipungukia mota. Mzee alisugua waya kwa msasa, na ugonjwa ukaishia hapo. Alipofunga boneti alituambia, "Hili boksi limetushinda akili, jamani. Lenyewe linapima kwanza, ndiyo linasukuma."

Jumatano hii alinikabidhi vifaa vyake. Nilivikagua kimoja kimoja, na vyote vilikuwapo isipokuwa spana namba kumi. Chini ya trei ya vifaa nikakuta barua ile ya kumshtaki Mboje, imekunjwa. Ameificha miaka mitatu, ingawa mwandiko wangu anaujua vizuri. Hakumwonyesha meneja, wala hakumtajia Mboje aliyeiandika. Watu walidhani aliyeiandika ni mlinzi wa karakana, na mlinzi amenuniwa bure muda wote huo.

Mboje, niliiandika mimi. Nilikuwa na uhakika kabisa, na hata boneti sikuwa nimeifungua. Naona aibu, na ninakuomba msamaha mbele ya wote watakaosoma jarida hili. Mlinzi naye anisamehe.

Mzee wetu, asante kwa kazi, na asante zaidi kwa sahihi ambayo hukuitia. Kesho Mboje atakupeleka Msanzi kwa gari lile lile. Tunakuombea afya, ulezi uliojaa ghala na uzee wa raha. Na jembe ukilishuku, usilifungue nati, halina. Spana namba kumi bado haijaonekana. Sijamwandikia mtu barua. Naitafuta kwanza.

Epifania Malema, Stoo