Kamaliza Abaki kwa Kichwa

BIBICHE: Alo? Nani huyo? Sema na nguvu, huku Mubi réseau inaenda inarudi!

KAGABO: Njo miye, Papa Kagabo wa Kingi. Jambo, mama Bibiche. Mumeamuka aje kule depot?

BIBICHE: Muzuri, Papa. Na ng'ombe huko juu?

KAGABO: Ziko. Ni mvua tu. Sasa... ile commande ya fromage ya maziwa, umeshaituma Goma?

BIBICHE: Bado, njo niko naigawa. Bon, karatasi ya kuomba vitu, inanifikiaka nzima, mi ninatoa fichier mbili mu ordinateur. Moja ya kichwa: nani anauzisha, camion ipakie kwa nani. Ingine ya mistari: vitu vyenyewe, boule ngapi za fromage, chumvi kiasi gani...

KAGABO: Na kwa kichwa umeweka nani?

BIBICHE: Kamaliza. Si njo ye anatengeneza?

KAGABO: [anakohoa] Basi hapo... toa Kamaliza, weka Kagabo.

BIBICHE: Juu ya nini?

KAGABO: Mulume wake Munyakazi alikuwa mudogo wangu. Amekufa. Ng'ombe za marehemu zinarudia kwa ndugu yake, ata mutoto wa Masisi anajua.

BIBICHE: Pole tena juu ya Munyakazi. Lakini bon haikuomba ng'ombe, Papa. Iliomba fromage.

KAGABO: Maziwa si inatoka kwa—

BIBICHE: Kwa ng'ombe, ndiyo. Na nani anaigandisha? Nani anaifinya mu kitambaa mpaka vidole vinavimba? Weye?

KAGABO: Sikia, mi simufukuze! Mistari ibaki yake. Andika pale chini, «fromage ya Kamaliza». Kila muntu apate fasi yake.

BIBICHE: Fasi gani? Chauffeur anafuataka kichwa. Camion itasimama kwa lupango yako, mbele ya nyumba yako. Na commande ya kesho, Goma wataitisha huyo wa kichwa. Kamaliza atabaki kule chini na chumvi, kama kitu cha kupakia.

KAGABO: Muke wa Mubi, unanifundisha famiye yangu?

BIBICHE: Sikufundishe. Ninakataa tu.

KAGABO: Patron wako tunakunywaka naye!

BIBICHE: Mupigie basi. Akuje aandike na mukono yake. Huu wangu hautaandika.

KAGABO: Ata Kamaliza mwenyewe alikubali! Iko hapa. Ngoja... [sauti za watu, mbali] Shika. Umuambie vile tulisema.

KAMALIZA: Alo... Bibiche?

BIBICHE: Mama Kamaliza! Uko muzima?

KAMALIZA: Niko.

BIBICHE: Muko wawili tu?

KAMALIZA: Hapana. Wamejaa mu nyumba. Wazee wote wa famiye.

KAGABO: Sema, ao?

BIBICHE: Mama, nitaandika ile utasema weye. Ukisema Kagabo, nitaandika Kagabo, na roho itaniuma. Sitakuuliza sababu.

KAMALIZA: Mvua iko napiga mabati huku...

BIBICHE: Ninaisikia.

KAMALIZA: Andika Kamaliza.

KAGABO: Nini?!

KAMALIZA: Kamaliza. Usiweke muke wa fulani, usiweke mujane wa fulani. Na camion ipakie kwangu, kwa mulango ya— Papa, acha mukono wangu! —kwa mulango ya bleu.

KAGABO: Leta simu! Leta hiyo—

BIBICHE: Fichier ya kichwa... imeenda. Ya mistari... ngoja, réseau... imeenda.

KAGABO: Irudishe! Bibiche, unasikia? Irudishe!

BIBICHE: Iko Goma, Papa. Camion itatoka na hiyo.

KAGABO: Mi mwenyewe nitashuka Mubi, utaniona!

BIBICHE: Karibu. Ubebe boule moja ya fromage ulitengeneza na mikono yako, nikufungulie bon yako. Sinaga shida na weye—

KAGABO: Unanicheka? Na unite yangu ya simu? Ni unite yangu munakula hapa, miye Kagabo, munanitu—

KAMALIZA: [kwa mbali] Bibiche! Umuambie chauffeur apige honi! Apige na nguvu, Kingi yote isikie anasimama kwa nani!

BIBICHE: Atapiga, mama! Atapiga mpaka wat—

[Unite imeisha.]